Kadi ya mkopo ya benki au mkopo wa dukani: piga hesabu hivi kabla hujasaini

Ukitaka friza ya kugandishia barafu, cherehani ya umeme au seti ya makochi, na pesa yote haijatimia mkononi, hapa Tanga kuna milango miwili ya kugonga. Wa kwanza ni duka lenyewe: unatoa kianzio, unaandikiwa kadi ya marejesho, unaondoka na mzigo, halafu unalipa kidogo kidogo kila wiki au kila mwezi. Wa pili ni kadi ya mkopo ya benki: unachanja kwenye mashine, mwenye duka anapata chake, na wewe unabaki kudaiwa na benki.

Yote miwili ina gharama, ila gharama hizo hazikai mahali pamoja. Ya duka hukaa ndani ya bei ya bidhaa, ndiyo maana muuzaji anaweza kukuambia "hapa hatuna riba" na asiwe amesema uongo. Ya benki hukaa ndani ya siku: siku uliyonunua, siku ya kufungwa kwa hesabu (benki inapojumlisha manunuzi yako ya mwezi), siku ya mwisho ya kulipa. Kwa hiyo dukani unachunguza bei, benki unachunguza kalenda.

Jua kwanza kadi iliyo mfukoni mwako

Kadi uliyopewa ulipofungua akaunti, ile unayotolea pesa ATM, karibu kila mara si ya mkopo. Inakata pesa yako mwenyewe. Nembo ya Visa, Mastercard au UnionPay haibadilishi jambo hilo, kwa sababu nembo inaonyesha mtandao wa malipo tu, haionyeshi pesa ni ya nani. Geuza kadi uitazame: mara nyingi pameandikwa neno Debit au Credit kwa herufi ndogo. Kama hupaoni, muulize mhudumu wa tawi swali moja: "Nikichanja laki mbili na akaunti ina elfu hamsini, muamala utapita?" Ukijibiwa hapana, hiyo ni kadi ya kawaida. Kadi ya mkopo ingepita mpaka kikomo ulichopangiwa.

Upande wa duka nako, jina "kadi ya duka" linabeba vitu visivyofanana. Kuna kadi ya pointi ya supamaketi, ambayo haikukopeshi chochote. Inakupa punguzo dogo ili urudi tena. Kuna kadi ya marejesho, kile kikaratasi kigumu chenye safu za tarehe, kiasi na saini, na hiyo ndiyo tunayoizungumzia hapa. Halafu kuna kadi ya duka ya ughaibuni, ambayo ndugu zetu walioko Marekani na Uingereza huisikia kila wakifika kwenye malipo: plastiki ya mkopo inayofanya kazi katika duka lile tu au maduka dada, hupatikana kwa dakika chache, na siku ya kwanza huja na punguzo. Riba yake huwa kali. Marekani nyingi zinafika au kupita asilimia 30 kwa mwaka, na Uingereza tangu 2007 duka lenye kadi ya riba ya asilimia 25 au zaidi lilitakiwa kuweka onyo kwenye taarifa ya mteja. Ukiwa na ndugu huko, mwambie ajihadhari na tangazo la "miezi 12 bila riba" la kadi hizo: zipo ambazo ukibakiza hata kiasi kidogo mwezi wa 12 ukiisha, riba ya mwaka mzima inarudishwa juu ya deni tangu siku ya kwanza.

Na lipo daftari la Mangi, mwenye duka la mtaani. Hilo tusilidharau. Kwa unga, sukari, sabuni na mafuta ya kula, daftari linalolipwa mwisho wa mwezi kwa bei ileile ya keshi halishindwi na kadi yoyote. Sharti ni mawili tu: bei iwe ileile kweli, na wewe uwe na kijidaftari chako nyumbani kinachoandikwa siku hiyohiyo. Deni linaloandikwa upande mmoja hukua.

Hatua ya 1: andika siku zako za pesa

Kabla ya kuuliza riba ni ngapi, chukua karatasi uandike pesa yako huingia lini. Hapa ndipo watu wengi huteleza, kwa sababu huchagua mkopo kwa ukubwa wa rejesho, wala si kwa siku ya rejesho.

Mwalimu, au muuguzi wa hospitali ya Bombo, analipwa kwa mwezi, na kadi ya benki yenye siku ya kulipa mara moja kwa mwezi inamkaa vizuri. Mvuvi wa dagaa wa Sahare hali yake ni nyingine. Yeye anakwenda na giza na mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, na siku hizo mfuko umekauka. Benki haijui mwezi wa angani. Ikimpangia tarehe 15, kuna mwezi tarehe hiyo itaangukia katikati ya giza akiwa na pesa, na kuna mwezi itaangukia mbalamwezi akiwa hana kitu. Mkulima wa machungwa wa Muheza anangoja msimu. Kibarua wa bandarini huenda akapokea kwa wiki, na rejesho la wiki la dukani litamfaa kuliko kuhifadhi pesa siku 30 bila kuigusa.

Kwa mwajiriwa wa serikali kuna kanuni ya theluthi: makato yote kwa pamoja yasimwachie chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Kwa asiye na mshahara hakuna anayemlinda, kwa hiyo ajiwekee kanuni yake. Inayofaa ni hii: angalia miezi sita iliyopita, chukua mwezi uliokuwa mbaya kuliko yote, toa chakula, kodi, ada ya shule na umeme. Kinachobaki ndicho kiwango cha juu cha rejesho lako. Ukitumia wastani badala ya mwezi mbaya, huo mwezi mbaya ndio utakaokuumbua.

Hatua ya 2: pata bei mbili, na uzipate kwa mpangilio huu

Ingia angalau maduka matatu, kuanzia Ngamiani mpaka mjini. Usitaje mkopo. Sema unalipa keshi, uliza bei ya mwisho, na uiandike. Ukishaiandika ndipo uulize, "Na nikilipa kidogo kidogo?"

Mpangilio huu una sababu. Ukianza na mkopo, muuzaji atakutajia bei ya mkopo kana kwamba ndiyo bei ya friza, na kuanzia hapo huna tena cha kulinganishia. Bei ya keshi ndiyo mizani yako.

Andika pia kianzio, kiasi cha rejesho, idadi ya marejesho, pesa ya fomu kama ipo, na gharama ya kusafirisha. Duka moja linaweza kukupa usafiri wa bure mpaka Makorora lakini likakutoza fomu. Lingine kinyume chake. Vyote viingie kwenye jumla.

Sasa tuhesabu. Chukulia friza ya keshi 900,000. Kwa mkopo duka linataka kianzio cha 300,000 na marejesho sita ya 130,000 kila mwezi.

Marejesho: 130,000 × 6 = 780,000
Pamoja na kianzio: 1,080,000
Zidio juu ya bei ya keshi: 180,000

Muuzaji atasema ni "asilimia 20 tu", kwa sababu amegawa 180,000 kwa 900,000. Hesabu hiyo si sahihi, na kosa lake linamnufaisha yeye. Wewe hukukopa 900,000. Laki tatu ulitoa siku ileile, kwa hiyo ulikopeshwa 600,000. Na hata hiyo laki sita hukuishikilia miezi sita yote. Kila mwezi unapunguza. Mwezi wa kwanza unadaiwa 600,000, wa mwisho unadaiwa kama 100,000, na katikati ya hapo deni lako kwa wastani ni 350,000 hivi. Gawa zidio 180,000 kwa 350,000, kisha gawa kwa miezi sita. Unapata asilimia 8 na kitu kwa mwezi.

Asilimia 8 kwa mwezi ni nzito. Kwa kulinganisha, wakopeshaji wa daraja la pili (kampuni za mikopo zisizopokea amana) walio chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 wamewekewa na Benki Kuu ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Duka linalouza bidhaa zake kwa awamu litakuambia hiyo ni faida ya biashara, wala si riba. Jina lolote litakalopewa, pesa inatoka mfukoni mwako.

Njia ya mkato ya kukumbuka: chukua bei ya keshi, toa kianzio, gawa kwa mbili, ongeza kidogo. Hicho ndicho cha kugawia zidio, kisha ugawe tena kwa idadi ya miezi.

Hatua ya 3: nenda benki na maswali yako yakiwa yameandikwa

Kadi ya mkopo haitolewi kwa kila mwenye akaunti. Kwa kawaida utaombwa kitambulisho cha NIDA, taarifa ya akaunti ya miezi kadhaa, hati za mshahara na barua ya mwajiri. Mfanyabiashara ataombwa leseni na TIN. Asiye na mshahara unaopita benki hiyo anaweza kuambiwa afunge amana fulani iwe dhamana, na kikomo cha kadi kikawa sehemu ya amana hiyo. Benki pia itaangalia historia yako ya mikopo kwenye taasisi za taarifa za wakopaji kama Creditinfo. Deni dogo la simu ulilolisahau linaweza kuonekana hapo, kwa hiyo lisafishe kwanza.

Ukiwa mbele ya afisa, uliza na uandike: riba ni asilimia ngapi kwa mwezi, na inapigwa kila siku au mara moja kwa mwezi, ada ya mwaka ni kiasi gani, hesabu hufungwa tarehe ngapi na mwisho wa kulipa ni lini, kiwango cha chini cha kulipa ni asilimia ngapi ya deni, faini ya kuchelewa, ada ya kutoa pesa taslimu, na nyongeza ya manunuzi ya fedha za kigeni. Omba karatasi ya viwango na makato uende nayo nyumbani. Ni haki yako kuelezwa gharama zote kabla ya kusaini, na benki yenye utaratibu haitasita.

Turudi kwenye friza. Tuseme umetoa 300,000 mwenyewe, laki sita ukachanja kwa kadi yenye riba ya asilimia 3 kwa mwezi (weka kiwango cha benki yako hapo), ukawa unalipa 130,000 ileile ya dukani. Mwezi wa kwanza deni linakuwa 618,000, ukilipa linashuka hadi 488,000. Ukiendelea hivyo, mwezi wa tano unabakiza kama 5,400 tu. Riba yote inakuwa kama 55,500. Hata ukijumlisha ada ya mwaka ya 50,000, bado upo chini ya 180,000 ya duka.

Kwa mtu anayelipa kwa nidhamu, basi, benki inashinda. Ila huo ushindi unategemea ile 130,000 kila mwezi, na benki haikulazimishi kuilipa. Hapo ndipo penye shimo.

Kiwango cha chini

Taarifa ya kadi inakuja na namba mbili: deni lote, na kiwango cha chini. Cha chini kinavutia. Tuseme ni asilimia 10 ya deni. Kwa laki sita ileile na riba ileile ya asilimia 3, mwezi wa kwanza utalipa 61,800 na kuona mambo mepesi. Mwezi wa pili unalipa pungufu ya hapo, wa tatu pungufu zaidi, kwa sababu asilimia 10 inapigwa kwenye deni linalopungua polepole. Baada ya miezi 12 utakuwa umelipa kama 505,700, na bado unadaiwa kama 241,600. Jumla imeshapita 747,000 kwa mkopo wa laki sita, na hujamaliza.

Kadi ya marejesho ya dukani haina ugonjwa huu. Rejesho la sita ni la mwisho. Kwa mtu anayejijua kwamba hawezi kujibana bila kusukumwa, hilo ni jambo la maana na tusimlaumu akilichagua. Anachonunua kwa ile zidio ni ukomo wa deni. Dawa kwa mwenye kadi ni kuiagiza benki ikate kiasi maalumu, au deni lote, kutoka akaunti ya mshahara kila mwezi. Kagua fomu ya makato hayo kwa jicho kali: pana mahali pa kuchagua kati ya deni lote na kiwango cha chini, na ukipaacha wazi unaweza kuwekewa cha chini.

Kalenda ya kadi

Siku za bila riba ndizo zinazofanya kadi ya benki iwe na thamani kwa anayelipa yote. Tuseme hesabu hufungwa tarehe 25 na mwisho wa kulipa ni tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Ukinunua tarehe 26 Aprili, manunuzi yataingia kwenye taarifa ya 25 Mei, na utalipa mpaka 15 Juni. Hizo ni siku 50 za kutumia pesa ya mtu bila senti ya riba. Ukinunua tarehe 24 Aprili, siku mbili tu kabla, taarifa inafungwa kesho yake na unatakiwa ulipe 15 Mei: siku 21. Friza ileile, bei ileile, na tofauti ni karibu mwezi mzima.

Kwa hiyo ununuzi mkubwa ufanye siku moja au mbili baada ya hesabu kufungwa. Lakini kumbuka: siku hizo za bure ni za anayelipa deni lote. Ukibakiza salio, benki nyingi hupiga riba kwenye manunuzi mapya tangu siku ya kuchanja, mpaka utakapomaliza lote.

Lipa siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho. Malipo ya kutoka simu kwenda kwenye kadi yanaweza kukawia kuingia, na tarehe 15 inaweza kuwa Jumapili au Iddi. Faini ya kuchelewa haiulizi kama ulikuwa safarini Lushoto.

Usiitumie kutolea pesa

Maduka mengi ya Ngamiani, hata makubwa ya vifaa vya ujenzi, hupokea keshi na Lipa Namba lakini hayana mashine ya kuchanjia. Mwenye kadi anafika, anaambiwa hivyo, anatembea mpaka ATM na kutoa laki mbili kwa kadi ya mkopo. Hapo amegeuza kadi nzuri kuwa mkopo mbaya. Pesa taslimu haina siku za bure; riba huanza siku ileile, na juu yake kuna ada ya kutoa.

Kabla ya kuomba kadi, zunguka wiki moja kwenye maduka unayonunua kweli na uhesabu mangapi yana mashine inayofanya kazi. Kama ni moja kati ya kumi, kadi hiyo haikufai kwa sasa, hata riba yake iwe ndogo namna gani. Uliza pia kama duka linaongeza asilimia fulani kwa anayechanja, maana nyongeza hiyo inaingia kwenye hesabu yako.

Kwa wanaovuka Horohoro kwenda kununua Mombasa, kuna mtego mwingine. Mashine inaweza kukuuliza ulipe kwa shilingi ya Kenya au ya Tanzania. Chagua ya Kenya. Ukichagua ya kwetu, kubadilisha kunafanywa na upande wa mashine kwa kiwango chake, na kwa kawaida ni kibaya kuliko cha benki yako.

Hatua ya 4: kama umechagua duka, soma mkataba ukiwa umesimama karibu na bidhaa

Soma palepale dukani, si nyumbani baada ya kubeba. Mkataba uwe na bei ya keshi, bei ya mkopo, tarehe ya kila rejesho, na namba ya seriali ya kifaa. Namba hiyo iko kwenye kibandiko nyuma au ubavuni. Inama uilinganishe na karatasi mwenyewe. Friza iliyobadilishwa stoo baada ya kusaini, ukapewa ya maonyesho iliyokaa miezi kwenye vumbi, haina ushahidi bila seriali.

Ukiwa hapo nyuma, pitisha kidole kwenye mabomba ya kupozea na miguu ya kompresa. Tanga ni mji wa pwani, na hewa ya chumvi hula chuma upesi, hasa Raskazone na Sahare. Ukiona vidoa vya kutu kwenye kifaa kinachoitwa kipya, kataa. Omba kiwashwe, usikilize kompresa ikianza kuvuta, na ungoje mpaka ukuta wa ndani uanze kuwa baridi. Halafu uliza waranti ni miezi mingapi na inaanza siku gani. Muda wa deni usipite muda wa waranti. Kulipia friza iliyokufa ni adhabu, na mtu akifika hapo ndipo huacha kulipa na kesi zikaanza.

Kifungu cha kusoma mara mbili ni kile cha kushindwa kulipa. Ukikosa rejesho moja duka linafanya nini? Linatoza faini, linangoja, au linakuja kuchukua? Likichukua, laki ulizokwisha kulipa zinakwenda wapi? Mkataba ukiwa kimya hapo, ujazwe kwa maandishi na pande zote mbili zitie saini. Kwa simu za mkopo uliza pia kama inafungwa kwa mbali rejesho likichelewa, na inafunguliwa baada ya muda gani ukishalipa. Simu ikifungwa, mwenye biashara anapoteza na Lipa Namba yake siku hiyo.

Marejesho yalipwe kwa Lipa Namba yenye jina la biashara, kamwe yasipelekwe kwenye namba binafsi ya kijana anayepita kukusanya. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye skrini. Ukilipa keshi, kadi ya marejesho isainiwe mbele yako, na uipige picha kila mara. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Bila hiyo hata waranti itakusumbua.

Kwa asiyetaka riba

Kwa Waislamu wengi wa mji huu hesabu haianzi na asilimia, inaanza na kama jambo lenyewe linajuzu. Mauzo ya bei mbili, ya keshi na ya kukopa, wanazuoni wengi wanayaruhusu iwapo bei ya kukopa imekubaliwa mwanzoni na haiongezeki mteja akichelewa. Kwa hiyo kifungu cha faini ndicho cha kumwonyesha shekhe wako. Kadi ya kawaida ya mkopo ina riba ndani ya mkataba hata kama unakusudia kulipa yote mapema. Njia nyingine ni murabaha: benki inanunua kifaa, kisha inakuuzia kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana. Amana Bank inaendeshwa yote kwa misingi hiyo, na CRDB ina dirisha lake la Al Barakah. Hata huko, piga ile hesabu ya Hatua ya 2. Kuwa halali hakuifanyi bei iwe nafuu.

Usiingie mlango wa tatu kwa haraka

Rejesho likikaribia na pesa haipo, jirani atakutajia kausha damu, yaani mkopo wa mtaani wa riba kubwa, au programu ya simu inayotoa mkopo kwa dakika tano. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Baadhi ya wakopeshaji wa namna hii huomba ruhusa ya kuingia kwenye orodha ya majina ya simu yako, na ukichelewa huwatumia ujumbe ndugu na wateja wako. Kuazima pesa ya siku 7 ili kulipa deni la miezi 6 hakumalizi kitu. Nenda dukani au benki kabla ya tarehe, ukaombe kusogezwa. Anayekuja kabla hajachelewa husikilizwa. Anayezima simu hutafutwa.

Ukiwa na lalamiko dhidi ya benki, lipeleke kwanza kwa maandishi tawini na uombe namba ya lalamiko. Usiporidhika na majibu, lipande Benki Kuu, ambayo ina kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha tangu 2019. Kwa bidhaa mbovu au duka lililokudanganya juu ya bei, pa kwenda ni Tume ya Ushindani.

Na kwa aliyechagua kadi: namba ya siri na zile tarakimu tatu za nyuma hazitajwi kwa mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa wa benki. Kadi isiondoke machoni pako wakati wa kuchanja. Washa ujumbe wa miamala, na ukiona usioutambua, funga kadi kwanza kupitia programu ya benki au namba ya huduma, maswali yafuate baadaye.

Siku ya kumaliza

Rejesho la mwisho likilipwa, usiondoke na furaha peke yake. Dai barua ya kumaliza deni yenye muhuri, tarehe na ile namba ya seriali, na urudishiwe nakala ya kitambulisho au hati yoyote uliyoweka. Upande wa benki, kama hutaki kadi tena, kuikata kwa mkasi hakuifungi. Ada ya mwaka itaendelea kuja na kuzaa riba. Andika barua ya kufunga, lipa salio linalosomeka siku hiyo, ngoja taarifa ya mwezi unaofuata ionyeshe sifuri, maana riba ya siku za katikati huja kwa kuchelewa, kisha omba uthibitisho kwa maandishi. Karatasi hizo mbili zitie kwenye bahasha moja na risiti ya EFD ya friza.